Alitupa Jobo, Akahamia Jahazini: Stori ya Henry de Monfreid, Msee Aliyeishia Kuwa Mfungwa Hapa Kenya

Cheki hii picha. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umekwama kwa mat pale Jogoo Road. Umetoka Donholm, ama Umoja, ama Kayole, na jam imelala kama nyoka imeshiba. Konda ameshaongeza mtu mahali hakuna kiti. Simu inaingia, ni mdosi anauliza umefika wapi. Salo ikiingia, nusu inaenda kwa mwenye ploti na nusu ingine inaliwa na fare. Hapo ndio ile ndoto huanza: ninge-quit hii jobo, niuze kila kitu kwa keja, nihepe niende mahali hakuna rent, hakuna mdosi, hakuna jam.

Sasa kuna msee alifanya hiyo kitu kabisa, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alikuwa na jobo, akaitupa, akanunua jahazi dogo la tanga na akahamia baharini, pande za Djibouti na Bahari ya Shamu. Anaitwa Henry de Monfreid. Ufaransa anajulikana kama hapa tunavyojua wasee wa zamani wa mpira. Na usidhani ni stori ya mbali, juu inakuja kuishia hapa Kenya, na ina uhusiano na barabara ambayo mat yako huingia nayo tao. Shikilia hapo, tutafika.

Alizaliwa karibu na maji

Henry alizaliwa tarehe 14 Novemba 1879, kusini mwa Ufaransa, kwa kijiji cha Leucate kando ya bahari. Buda yake, George-Daniel de Monfreid, alikuwa mchoraji na alikuwa na mashua yake. Kwa hivyo huyu mtoi alijua tanga na kamba mapema, vile wewe ulijua kudandia mat ikiwa bado inatembea.

Buda yake pia alikuwa na beste mmoja noma sana: Paul Gauguin. Huyo Gauguin alikuwa anafanya kazi ya hisa huko Paris, kazi ya suti na doh nzuri, akaacha yote ili achore, mwishowe akahamia visiwa vya Pasifiki na akafia huko 1903. Buda ya Henry ndiye alikuwa anamshughulikia picha zake Ufaransa na kumtumia chapaa. Sasa fikiria kukua kwa nyumba ambapo stori ya kila siku ni ya msee aliyeacha kazi akahepa kisiwani. Hiyo mbegu ilipandwa mapema.

Lakini maisha ilimweka foleni kwanza kama sisi wote. Masomo ya kuingia chuo kikubwa cha mainjinia Paris ilimshinda. Akahustle: aliuza kahawa mlango kwa mlango, akafanya kazi kwa kampuni ya maziwa, akajaribu biashara yake mwenyewe ya maziwa ikaanguka. Juu ya hiyo akashikwa na homa mbaya iliyomlaza. Alikuwa amekaribia miaka 32, hana doh, hana plan, na kila mtu akimwangalia anaona msee ameanguka. Unajua hiyo feeling. Wasee wa class yenu wameomoka, wewe bado unaulizwa nyumbani unafanya nini siku hizi.

Djibouti, 1911

Mwaka wa 1911 akapanda meli akashuka Djibouti, ambayo wakati huo ilikuwa koloni ya Wafaransa. Alipata jobo ya kununua kahawa na ngozi kutoka Ethiopia, pande za Harar na Dire Dawa. Harar unaijua hata kama hujui unaijua: hiyo ndio nchi ya kahawa ya zamani na veve, ile miraa ya Kihabeshi.

Jobo ilikuwa ile ile tu. Mdosi, hesabu, magunia. Kilichomkasirisha zaidi ni wazungu wenzake. Djibouti ilikuwa na sheria zake ambazo hazikuandikwa: mzungu anakaa na wazungu, anakunywa kinywaji chake kwa baraza jioni, anasengenya, analala. Henry alikuwa anakaa na Wasomali na Waafar, anakula chakula yao, anajifunza Kiarabu, anavaa shuka kama mabaharia. Wazungu wakaanza kumwona ni kama amepotea. Yeye akaona ni kama ndio amepatikana.

Ndani ya miaka kama miwili hivi akaacha hiyo jobo. Akanunua jahazi dogo, Fath-el-Rahman, akaandika mabaharia, akang'oa nanga.

Vile unaishi baharini bila doh mob

Hapa ndio kila mtu huuliza: sasa alikuwa analipaje bills? Manze, jahazi ni keja ambayo mwenye ploti ni wewe. Halikuwa linabeba mafuta, lilikuwa linaenda na upepo. Na huo upepo uko na ratiba yake. Ukiuliza mzee yeyote wa Lamu ama Mombasa atakwambia juu ya kaskazi na kusi: msimu mmoja upepo unakuleta huku, msimu mwingine unakurudisha. Ndio maana majahazi ya Uarabuni yalikuwa yanashuka pwani yetu miaka na miaka bila tone la petroli. Ukijua kusubiri, usafiri ni bure.

Chakula ilikuwa mchele, unga, tende na samaki waliovuliwa njiani. Maji yalibebwa kwa mapipa na viriba, na yalipimwa kama dhahabu. Kulala ni juu ya deki, chini ya nyota, umejifunika tanga ama shuka. Nahodha analala mahali baharia analala. Hakuna choo ya ndani, hakuna kivuli mchana, na joto la Bahari ya Shamu ni lile la kuchoma hadi mbao. Kama unafikiria ni likizo, sahau. Ni kazi tupu: kushusha na kupandisha foromali, kuziba mbao zinazovuja, kusoma rangi ya maji usije ukapanda mwamba.

Lakini asubuhi hakuna mtu wa kumuuliza amefika wapi.

Mwaka wa 1914 Henry akasilimu, akachukua jina Abdelhai, maana yake mja wa Aliye Hai. Wengine husema ilikuwa ni biashara tu, ili aingie bandari bila maswali. Hata hivyo hilo jina alikaa nalo baharini miaka yote, na mabaharia wake walimwita hivyo.

Sasa shida: bahari haina salo

Tuwe wakweli. Kuishi kwa bei ya chini si kuishi bure. Tanga likiraruka linanunuliwa. Mabaharia wako na familia, wanataka kulipwa. Kwa hivyo ilibidi jahazi lilete kitu.

Alianza na lulu. Alienda hadi visiwa vya Dahlak, karibu na Massawa, mahali watu walikuwa wanapiga mbizi bila mtungi wa hewa wakitafuta chaza. Hiyo kazi ni kamari: mpiga mbizi anaharibu mapafu na masikio, anafungua chaza baada ya chaza, na wengi wanakufa na madeni. Lulu zilimpatia Henry stori mob, lakini doh ilikuwa ya kuhesabu.

Halafu akaingia kwa bunduki. Wakati huo bunduki za zamani za Ulaya zilikuwa zinauzwa pande hizo kama nguo za Gikomba, na pwani ya Bahari ya Shamu ilijaa watu wa kuzinunua. Henry alijua kila kijighuba cha kushushia mzigo usiku. Serikali ya Djibouti ilikuwa inamtolea macho muda mrefu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, wakamdaka kwa mambo ya silaha na ushuru, wakamweka ndani miezi kadhaa. Hiyo ndio jela yake ya kwanza. Kumbuka, kuna ingine inakuja.

Alipotoka alikuwa amekauka. Hapo ndio akafanya ile deal iliyomfanya ajulikane. Mwaka wa 1915 alienda hadi Ugiriki, akanunua shehena ya hashishi moja kwa moja kwa wakulima, akaileta Djibouti, halafu akaipeleka kwa jahazi hadi Suez ili iingizwe Misri, mahali ilikuwa imepigwa marufuku. Ukiangalia ramani utaona hiyo safari ni wazimu. Upande wa juu wa Bahari ya Shamu upepo huvuma kutoka kaskazini karibu mwaka mzima, kumaanisha unaenda zigizaga dhidi ya upepo wiki baada ya wiki, huku maboti ya doria ya Waingereza yakikutafuta. Alifika. Akauza. Akaomoka.

Wasee wakisimulia hii stori huishia hapo, na makofi. Mimi na wewe tumekaa mtaani, tunajua hiyo mzigo ikishuka inaenda wapi. Inaenda kwa kijana amekaa kwa ngazi ya ploti saa nne asubuhi, macho nyekundu, mathe yake akipita amebeba mtungi wa maji. Bunduki nayo inaenda kwa mtu anayelenga mtu. Henry alikuwa huru kwa deki yake, lakini bili ilikuwa inalipwa na watu ambao hakuwahi kuwaona.

Bahari ikamrudisha kwa uridi wa mdosi

Na hii ndio twist tamu ya hii stori. Msee aliyehepa kazi, akiwa na doh, akageuka mdosi. Alijenga nyumba Obock, ng'ambo ya ghuba kutoka Djibouti, akaishi na mke wake Armgart, mzaliwa wa Ujerumani, na watoto wao watatu, Gisèle, Amélie na Daniel. Akajenga jahazi kubwa zaidi hapo hapo Obock, akaliita Altaïr. Halafu huko Dire Dawa akaweka kinu cha unga na mtambo wa umeme. Yule jamaa wa kulala chini ya nyota sasa alikuwa na wafanyakazi, mashine na hesabu za mwisho wa mwezi.

Mwaka wa 1930 akaja Joseph Kessel, mwandishi wa magazeti kutoka Paris, akifuatilia stori ya biashara ya watumwa. Huyu Kessel ndiye baadaye aliandika riwaya ya simba iliyowekwa hapa Kenya. Akakutana na Henry, akasikiza stori zake, akamsukuma aandike. Kitabu cha kwanza, cha siri za Bahari ya Shamu, kikatoka mwanzo wa miaka ya 1930 na kikashika moto. Kufikia 1937 kilikuwa kimeshatengenezwa sinema. Hata wale wa katuni za Tintin, yule kapteni wa jahazi la bunduki kwa stori ya sigara za Farao alichorwa kutoka kwa Henry. Kwa jumla aliandika zaidi ya vitabu 60. Alikuwa amepata biashara ambayo haihitaji kukimbia karao: kuuza maisha yake mwenyewe.

Akachagua upande

Maandishi pia yalimletea balaa. Aliandika mambo juu ya Ethiopia ambayo hayakumfurahisha Mfalme Haile Selassie, na mwaka wa 1933 akafukuzwa nchini. Nyumba, kinu, mtambo, vyote vikabaki nyuma.

Hapo angeweza kurudi baharini. Badala yake akashika mkono wa Mussolini. Italia ilipovamia Ethiopia Oktoba 1935, Henry alikuwa upande wa wavamizi, akiandika magazetini kuwasifu. Hiyo vita ndiyo Waitaliano walimwaga gesi ya sumu kutoka kwa ndege juu ya wanajeshi na wanakijiji. Watu waliompa Henry chakula na makao zaidi ya miaka 20, sasa wanachomwa ngozi, na yeye anatunga sifa. Ukitaka kujua mahali stori yake inaoza, ni hapo.

Haile Selassie alikimbilia Uingereza 1936. Lakini mwanzo wa 1941 jeshi likapanda kutoka Kenya kuelekea kaskazini, ndani yake wakiwa vijana wa King's African Rifles, guka zetu wengine, wametolewa vijijini. Walipita Somalia, wakafika Harar mwezi wa Machi, Addis Ababa ikaanguka Aprili. Tarehe 5 Mei 1941 Haile Selassie akarudi kwa kiti chake.

Henry alikuwa upande ulioshindwa. Waingereza wakamdaka, wakamleta Kenya kama mfungwa. Alikuwa ameshapita miaka 60.

Kenya: huyu mfungwa na guka yako

Baadaye walimtoa ndani, akakaa kwa miteremko ya Mlima Kenya akiishi kwa kuwinda na kuvua samaki. Yaani hata akiwa adui aliyeshindwa, bado alipata maisha ya bei ya chini bila mdosi, sasa mlimani badala ya baharini. Alikaa hivyo hadi 1947 ndio akarudi Ufaransa.

Sasa weka hiyo kando ya mtaa wetu, miaka hiyo hiyo. Pumwani ilikuwa imejaa. Shauri Moyo ilikuwa imesimama. Kaloleni ilikuwa inajengwa. Na mwanaume Mwafrika aliyekaa hapo alikuwa anabeba kipande, karatasi ndani ya kikopo cha chuma, kimening'inia shingoni kwa kamba. Kwa hiyo karatasi mdosi aliandika siku umeanza kazi, mshahara wako, na siku amekuachilia. Ukiondoka kabla hajatia sahihi, hiyo ilikuwa kosa la jinai. Uliitwa mtoro wa kazi. Ungepigwa faini ama ufungwe. Na ukipatikana tao bila kazi, ungerudishwa reserve.

Fikiria hiyo pole pole. Kitu ambacho kilimfanya Henry awe legend, kuamka siku moja na kuacha kazi, guka yako angeifanya angefungwa. Hakukosa ujasiri. Kikopo cha shingoni ndio kilimshika. Kipande kilikuja kuondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya wasee wengi kupigana nacho, wakiandamana na kugoma hapa hapa Nairobi.

Kwa hivyo mtu akikuambia huyu mzungu alikuwa huru kuliko wote, kubali nusu. Alikuwa na roho ngumu, hiyo hatumnyimi. Alijifunza lugha za watu, alikula nao, alijua bahari kuwaliko wengi waliozaliwa nayo. Lakini pia alikuwa na pasipoti, ngozi na serikali za kumrudisha nyumbani kila alipoanguka. Mabaharia wake Wasomali na Waafar walikula upepo ule ule, jua lile lile, hatari ile ile. Hakuna aliyewatengenezea sinema.

Mwisho wa safari

Henry alizeeka kwa kijiji cha Ingrandes, katikati ya Ufaransa, mbali kabisa na maji. Aliandika, pamoja na vitabu kuhusu Kenya, akavuta afyuni yake, akasimulia stori kwa redio na televisheni. Alijaribu kuingia kwa ile akademia kubwa ya waandishi Wafaransa, wakamkataa. Alikufa tarehe 13 Desemba 1974, akiwa na miaka 95. Kwa mtu aliyecheza na papa, karao na dhoruba, hiyo ni umri wa ajabu.

Sasa turudi kwa mat. Jam imefunguka kidogo. Umepita City Stadium, umepita Landhies, Muthurwa iko hapo, na unaingia barabara ya Haile Selassie. Ndio, ni yule yule, mfalme aliyemfukuza Henry. Huku kwetu jina la yule wa jahazi halijulikani. Jina la yule aliyefukuza ndilo konda anaita kila asubuhi, na guka aliyerudisha huo ufalme akiwa na bunduki ya mtu mwingine na viatu vya serikali hana hata kijia cha jina lake.

Siwezi kukwambia usiache jobo. Leo hakuna kikopo shingoni mwako, na hiyo si kitu kidogo. Kuna watu walipigwa ili wewe uweze kuandika barua moja na kutoka. Ukitoka, toka. Nunua boti Mombasa, rudi ocha, fungua kibanda Kariobangi, hiyo ni yako. Uliza tu swali moja ambalo Henry hakujiuliza hadi ikawa too late: bili ya huu uhuru wangu, ni nani atakuwa anailipa? Kama ni wewe, shuka kwa hii mat na kichwa juu. Kama ni mathe yako, ama kijana wa ngazi ya ploti, basi hujaacha kazi. Umemwachia mtu mwingine.